Barua ya Wazi kwa Wenye Mabwawa ya Kuogelea: Pampu Zisizimwe

Kwa waheshimiwa wamiliki, mameneja na wakuu wa hoteli, shule na klabu zenye mabwawa ya kuogelea, Dar es Salaam na mwambao wote wa Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Barua hii imeandikwa hadharani kwa sababu jambo inalolihusu hutendeka faraghani, ndani ya chumba kidogo cha mashine ambacho mwogeleaji hakioni na mzazi hafunguliwi mlango wake, ilhali matokeo yake huishia machoni, masikioni na matumboni mwa watoto. Jambo hilo ni desturi ya kuzima pampu ya bwawa usiku kucha, na mara nyingi hata mchana wateja wanapopungua, kwa nia ya kubana bili ya umeme, kisha alfajiri kumwaga klorini kopo kwa kopo ili maji yang'ae kabla ya mgeni wa kwanza kushuka ngazi. Desturi hiyo imeota mizizi hata katika mabwawa yanayotoza kiingilio kikubwa na katika shule zinazotangaza somo la kuogelea kwenye vipeperushi vyake. Msimamo wa barua hii ni mmoja: usafi wa bwawa hupimwa kwa saa ambazo pampu inazunguka na chujio linafanya kazi, na hakuna dawa, hata ikimwagwa kwa gunia, inayoweza kulipa saa hizo zikishapotea.

1. Bwawa ni mtambo, si shimo lenye maji.

Anayesimama ukingoni huona maji ya buluu, vigae na viti vya kupumzikia, na ni rahisi kwake kudhani kwamba bwawa ni hilo analoliona. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na hapa msemo huo unasimama kama ulivyo, kwa sababu sehemu inayoyafanya maji yawe salama imefichwa chini ya ardhi na nyuma ya ukuta. Maji ya juu, ambayo ndiyo yenye uchafu mwingi kwa kuwa mafuta ya kujipaka, vumbi, nywele na majani huelea, huvutwa kupitia vidaka vilivyojengwa ukutani kwenye usawa wa maji, na maji ya chini huvutwa kupitia matundu yaliyo sakafuni upande wenye kina. Mikondo hiyo miwili hukutana kabla ya pampu na kupita katika kikapu cha plastiki chenye vitobo, ambacho kazi yake ni kuzuia vitu vikubwa visilifikie gurudumu la pampu. Anayefungua kifuniko cha kikapu hicho baada ya Jumapili yenye watu wengi huikuta siku nzima imelala humo: majani ya mwarobaini yaliyolowa, mpira wa kubania nywele, plasta iliyobanduka kidoleni mwa mtoto, na bonge la nywele lililosokotana kiasi kwamba halitoki bila kuvutwa kwa nguvu. Kikapu kikijaa, pampu hukosa maji ya kutosha, hutoa mngurumo kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya debe, na sili yake, yaani pete inayozuia maji yasiifikie mota, huungua.

Baada ya pampu, maji husukumwa kwenye chujio, hutiwa klorini, kisha hurudi bwawani kwa matundu ya ukutani yaliyoelekezwa ili mkondo ufike katika kila pembe. Kabla ya mfumo huu kuenea, mabwawa ya umma ya Uingereza yalijazwa maji mapya, yakatumika kwa siku kadhaa, kisha yakamwagwa, na kiingilio kilipunguzwa kadiri maji yalivyozidi kuchafuka, hivyo masikini ndio walioogelea katika maji machafu zaidi. Bwawa ambalo pampu yake imezimwa limerudishwa katika zama hizo, na anayelipa mlangoni hana namna ya kujua kwamba maji anayoingia ni ya siku ya ngapi.

2. Saa za kuzungusha maji hazina mbadala.

Muda ambao pampu huchukua kusukuma ujazo ulio sawa na maji yote ya bwawa huitwa mzunguko mmoja. Kwa mabwawa yanayotumiwa na umma, wahandisi hulenga mzunguko wa saa 4 hadi 6, na kwa kibwawa cha watoto wadogo muda huo hufupishwa zaidi kwa sababu maji ni machache na uchafu ni mwingi. Bwawa lenye urefu wa mita 25, upana wa mita 10 na kina cha wastani wa mita 1.5 lina mita za ujazo 375, yaani lita 375,000, na ili maji hayo yazunguke kwa saa 6, pampu inatakiwa kusukuma lita 62,500 kila saa.

Wengi hufikiri kwamba mzunguko mmoja ukikamilika, maji yote yamechujwa. Sivyo. Maji yaliyochujwa hurudi na kuchanganyika na yale ambayo hayajachujwa, kwa hiyo sehemu ya maji yanayovutwa tena ni yale yale yaliyokwisha kupita, na mengine huendelea kukwepa. Hesabu ya mchanganyiko huo inaonyesha kwamba baada ya mzunguko mmoja ni takribani asilimia 63 tu ya maji iliyopita kwenye chujio. Baada ya miwili ni asilimia 86. Baada ya mitatu ni 95. Na baada ya minne ni 98. Bwawa lililotajwa hapo juu likiwashiwa pampu kwa saa 4 tu kwa siku, linapata theluthi mbili za mzunguko mmoja, na nusu ya maji yake haitaliona chujio siku hiyo. Mtoto anayeruka humo leo anaogelea, kwa nusu, katika maji ya jana, pamoja na jasho, mkojo na ngozi za waliomtangulia. Pampu hiyo hiyo ikiachwa izunguke saa 24, maji yasiyochujwa hubaki chini ya asilimia 2.

Hali ya hewa ya mwambao huongeza uzito wa hoja hii. Jua kali huivunja klorini isiyokingwa ndani ya saa chache, na maji yenye joto la nyuzi 28 au 30 huwapa mwani na bakteria mahali pazuri pa kuzaliana. Utando wa kijani unaoteleza chini ya ngazi na katika pembe za bwawa huota pale ambapo mkondo haukufika, na mwenye kulikagua bwawa anaweza kuusoma kama ramani ya sehemu zilizotelekezwa.

3. Chujio la mchanga linahitaji kutazamwa, na dalili zake zinasomeka.

Chujio linalotumika katika mabwawa mengi makubwa ni pipa la fibaglasi lililojazwa mchanga. Mchanga wenyewe si wa ufukweni, ambao umejaa vipande vya makombe na matumbawe, wala si ule wa kujengea nyumba. Ni mchanga wa kwatzi uliooshwa na kuchekechwa, wenye punje za takribani nusu milimita hadi milimita moja. Uchafu hauzuiliwi juu yake tu, kama majani ya chai yanavyozuiliwa na chujio la jikoni, bali huingia ndani ya kina cha mchanga, hujipenyeza katika vijia vilivyopinda kati ya punje, na huko hukwama na kunata. Kwa njia hiyo mchanga hunasa chembe za takribani mikroni 20 hadi 40, mikroni moja ikiwa ni sehemu ya elfu moja ya milimita, na chembe ndogo zaidi huhitaji msaada wa shabu. Shabu, ambayo kaya nyingi huijua kwa kutuliza maji yenye tope, hushikamanisha chembe ndogo mpaka ziwe vibonge vinavyoweza kunaswa. Hutiwa kwa kipimo, kidogo kidogo, maji yakiwa yanazunguka. Ikirushwa tu bwawani pampu ikiwa imezimwa, huuzamisha uchafu sakafuni, na uchafu huo usipofyonzwa na kumwagwa nje mapema hutibuliwa na mguu wa kwanza utakaoshuka.

Mchanga unapojaa, maji hupita kwa shida na shinikizo ndani ya pipa hupanda. Kinachoonyesha hali hiyo ni geji, ile saa ndogo ya mviringo yenye mshale iliyo juu ya pipa. Chujio likionyesha bar 0.8 likiwa safi, wakati wa kuliosha umefika mshale unapokaribia 1.3, yaani ongezeko la takribani nusu bar. Lakini yapo machujio mengi ambayo geji zake zimekufa: kioo kimepauka, ndani kuna matone ya maji, na mshale umeganda pale pale pampu ikiwa imewashwa au imezimwa. Geji mpya ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika chumba kizima cha mashine, na hakuna sababu ya heshima inayoweza kutolewa kwa kuiacha ikae imekufa, kwa kuwa bila hiyo mtunza bwawa huosha chujio kwa kubahatisha. Kuosha mara chache huliziba. Kuosha mara nyingi mno nako ni kosa, kwa sababu mchanga uliotoka kuoshwa huchuja vibaya kuliko mchanga ulioanza kushika uchafu kidogo.

Kuosha kwenyewe ni kurudisha maji kinyume. Pampu huzimwa kwanza, mpini wa vali huzungushwa, kisha pampu huwashwa tena, na maji huingia kutoka chini, huunyanyua mchanga mpaka punje zisuguane, na kutoka na uchafu kwa bomba la kumwagia. Kwenye bomba hilo kuna kijikombe cha kioo, na ndicho kinachosema ukweli: maji hutoka kwanza yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, kisha hupauka, kisha huwa maangavu. Safari hiyo ya rangi huchukua dakika 2 au 3. Mtunza bwawa aliyeonywa asipoteze maji huifunga vali baada ya nusu dakika, na uchafu ulionyanyuliwa hurudi kulala pale pale ulipotoka.

Chujio lililotendewa hivyo kwa miaka hufa bila kelele. Mafuta ya kujipaka na kalisi ya maji ya visima vya mwambao, ambayo hupita katika miamba ya matumbawe na kubeba chokaa nyingi, hugandisha mchanga kuwa mabonge magumu. Maji hufuata mkondo: yakipata mfereji kati ya mabonge hupita humo bila kuchujwa, shinikizo halipandi, na aliye ofisini huarifiwa kwamba chujio liko safi. Ndiyo maana mchanga hufunguliwa na kukaguliwa, na hata ukitunzwa vizuri hubadilishwa baada ya miaka 5 hadi 7 hivi.

4. Klorini haiwezi kupewa kazi ya chujio.

Klorini huua vijidudu, lakini haiondoi kitu. Mwili wa kijidudu kilichokufa, ngozi, mafuta na mkojo hubaki majini mpaka chujio au maji mapya yaviondoe, na vikibaki, klorini hutumika kupambana navyo badala ya kubaki akiba. Ikikutana na jasho na mkojo huzaa kampaundi ziitwazo kloramini, na hizo ndizo zinazochoma macho na kutoa ile harufu kali ambayo wageni, na hata baadhi ya mameneja, huichukulia kuwa ushahidi wa usafi. Harufu hiyo ni ushahidi wa uchafu uliokosa pa kwenda.

Nguvu ya klorini hutegemea pia kipimo cha pH, yaani kiwango cha asidi au alkali ya maji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mabwawa uliotolewa mwaka 2006, linapendekeza pH kati ya 7.2 na 7.8 kwa mabwawa yanayotumia klorini. Kwenye pH ya 7.5 karibu nusu ya klorini huwa katika umbo lake lenye nguvu ya kuua. Ikifika 8 hubaki takribani robo. Klorini ya unga inayomwagwa kila alfajiri hupandisha pH yenyewe, kwa hiyo anayeongeza kopo bila kupima huenda anaongeza gharama huku akipunguza kinga.

Kisha kuna kijidudu ambacho klorini ya kawaida hushindwa kukiua. Kriptosporidiamu, kimelea kinachosababisha kuhara, huingia majini kwa kinyesi cha mtu mgonjwa, na ganda lake hukiwezesha kuishi kwa zaidi ya siku 10 katika maji yenye klorini ya miligramu 1 kwa lita, kipimo ambacho bakteria wengi wa tumboni hawakivumilii hata kwa dakika chache. Ukubwa wake ni mikroni 4 hadi 6 tu, hivyo mchanga peke yake hukiachia; mchanga uliosaidiwa na shabu, katika pampu isiyolala, ndio unaokipunguza. Mwaka 1993, katika jiji la Milwaukee nchini Marekani, uchujaji ulipolegea kwenye mtambo mmoja wa maji ya kunywa, watu wanaokadiriwa kufikia 403,000 waliugua kwa kimelea hicho, ingawa maji yalikuwa yametiwa klorini. Hayo yalikuwa maji ya bomba, lakini kimelea ni kile kile, na mtoto anayejifunza kuogelea humeza maji.

Hata dawa sahihi huharibika mikononi mwa asiyeelekezwa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, bwawa la kupiga mbizi liligeuka kijani mbele ya macho ya dunia baada ya lita 80 za haidrojeni peroksaidi kumwagwa katika maji yenye klorini. Dawa hizo mbili hubatilishana, na mwani ukapata nafasi. Kama hilo liliwezekana pale, mtunza bwawa aliyekabidhiwa madumu yasiyo na maandishi, asidi na klorini vikiwa kwenye rafu moja ingawa vikichanganyika hutoa gesi ya sumu, hastahili kulaumiwa peke yake.

5. Pampu isiyotunzwa inaweza pia kuua.

Nguvu ile ile inayovuta maji huweza kuvuta nywele au mwili. Mwezi Juni 2002, nchini Marekani, mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje James Baker, alinaswa na mvuto wa tundu la chini la beseni la maji moto na kufa maji. Sheria iliyopitishwa mwaka 2007 na kupewa jina lake iliyalazimu mabwawa ya umma ya nchi hiyo kuweka vifuniko vinavyozuia kunasa. Kifuniko kilichovunjika sakafuni mwa bwawa ni sababu ya kulifunga siku hiyo hiyo, si ya kusubiri bajeti.

6. Kuhusu bili ya umeme.

Malalamiko ya gharama ni ya kweli na barua hii haiyapuuzi. Lakini jibu lake lipo katika fizikia ya pampu yenyewe: mwendo wa pampu ukipunguzwa nusu, maji yanayosukumwa hupungua nusu, lakini umeme unaotumika hushuka, kwa hesabu, hadi sehemu moja ya nane. Kiasi kile kile cha maji kikisukumwa polepole kwa muda mara mbili hugharimu takribani robo ya umeme, na ingawa katika mabomba halisi faida hiyo hupungua kiasi, hubaki kubwa. Pampu yenye mota ya mwendo unaobadilishwa inaweza kwenda polepole usiku na kuongezwa kasi mchana au wakati wa kuosha chujio. Anayetaka kubana umeme apunguze mwendo, wala asizime.

7. Maombi.

Kwa heshima zote, mnaombwa kwanza mpime mzunguko wa kila bwawa mlilo nalo na kuhakikisha kwamba pampu inazunguka saa zote za matumizi na usiku pia, tena kwamba ipo pampu ya akiba au mpango ulioandikwa wa kufunga bwawa pampu ikiharibika au umeme ukikatika kwa muda mrefu. Mnaombwa mbadilishe geji zote zilizokufa ndani ya mwezi huu, mfungue mapipa ya mchanga ambayo hayajafunguliwa kwa miaka 5, na mkague vifuniko vya matundu ya chini kwa kuzamia, si kwa kutazama kutoka ukingoni. Bwawa lifungwe kila mara tundu la chini la upande wenye kina lisipoonekana waziwazi na mtu aliyesimama nje, kwa sababu maji yanayoficha tundu humficha pia mtoto aliyezama.

Mnaombwa pia mbandike ukingoni, mahali ambapo mzazi anasoma bila kuomba ruhusa, ubao wenye saa ambazo pampu iliwashwa, shinikizo la geji, klorini, pH na tarehe ya mwisho ya kuosha chujio, vipimo vikiandikwa angalau asubuhi, mchana na jioni. Maafisa afya wa halmashauri nao wanaombwa waanze ukaguzi wao katika chumba cha mashine, kabla ya kutazama maji.

Ombi la mwisho linamhusu mtu ambaye jina lake halimo katika vipeperushi. Mtunza bwawa huamka kabla ya wote, hupiga brashi vigae, huchota majani, hubeba klorini bila glavu wala miwani, na macho yake huwa mekundu kabla ya saa mbili asubuhi. Lakini katika mabwawa mengi swichi ya pampu imo ndani ya kisanduku kilichofungwa, na ufunguo uko kwa mhasibu. Mtu huyo apatiwe mafunzo, vifaa vya kujikinga na vifaa vya kupimia. Apewe pia ufunguo wa kisanduku, pamoja na barua iliyosainiwa na meneja inayomruhusu kufunga bwawa papo hapo, hata likiwa limejaa wageni, bila kwanza kupiga simu ofisini.

Wasalaam.